Kukisoma Kiumbe si Kukimiliki

Mwaka 2016 wanasayansi wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha, wakishirikiana na wenzao wa chuo kikuu kimoja cha jimbo la Pennsylvania huko Marekani, walitangaza kwamba wameisoma genomu ya twiga, pamoja na ile ya okapi, ndugu yake wa misitu ya Kongo. Kazi ya namna hiyo haikukomea hapo. Mwaka 2018 ulizinduliwa mradi wa dunia nzima wenye nia ya kusoma genomu za miti, wadudu, samaki, ndege, uyoga na wanyama wote wanaojulikana. Mwaka 2022 wanasayansi wa Afrika wakaeleza katika jarida la Nature azimio la kusoma aina 100,000 za viumbe vya bara letu. Jambo kubwa kiasi hiki halifai kupita mbele ya macho ya Mkristo bila yeye kujiuliza: Je, ni jema? Na kama ni jema, latudai nini?

Kwanza yafaa tufahamu neno lenyewe. Kila kitu chenye uhai kimejengwa kwa chembe ndogo mno, na ndani ya chembe mna uzi mwembamba uitwao DNA. Katika uzi huo mambo ya kiumbe yameandikwa kwa herufi nne tu, zikipangwa na kurudiwa kwa namna zisizohesabika. Maandishi yote kwa jumla ndiyo genomu. Ya twiga ina herufi zinazokaribia milioni elfu tatu. Mashine huyasoma maandishi hayo vipande vipande, kisha kompyuta huviunga vipande hivyo, kama mtu anayeunga barua iliyochanwa. Sehemu za maandishi hayo zenye kazi maalumu lugha yetu imeziita vinasaba, na jina hilo limechaguliwa kwa busara, kwa maana latukumbusha nasaba: kila kiumbe kimepokea uhai kutoka kwa waliokitangulia, wala hakuna kilichojizaa chenyewe.

Elimu hiyo haikosi matunda. Twiga ana moyo wenye nguvu ya kuipandisha damu hadi kichwani, juu ya shingo yenye urefu wa kupita mtu mzima. Wasomi wa Arusha na wenzao waliona katika genomu yake vinasaba vinavyohusika na mifupa na moyo, ambavyo vimetofautiana na vya okapi. Mwaka huo huo wa 2016 wataalamu wengine walisema kwamba twiga wa Afrika si wa aina moja, ila ni wa aina nne, na mwaka 2025 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile ulikubali neno hilo. Tena mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba twiga wa Kimasai walio pande mbili za ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini mwa Tanzania, wametengana kiasi kwamba majike hayajavuka kwenda upande wa pili kwa muda unaozidi miaka laki mbili. Maana yake ni hii: kundi la upande mmoja likimalizwa, si rahisi la upande wa pili kuja kushika mahali pake. Mlinzi wa mbuga asiyejua hayo atadhani ana kundi moja kubwa, kumbe amekabidhiwa makundi mawili madogo.

Hata hivyo wapo waamini wema wanaoitilia kazi hii mashaka. Wengine husema: Je, kuingia ndani ya siri za uhai si kiburi, kama cha wale waliojenga mnara wa Babeli? Twajibu kwa kupambanua. Kusoma ni tendo moja, kubadili ni tendo la pili, na kumiliki ni la tatu. Kubadili maandishi ya uhai ni jambo zito, lenye hukumu yake mbali, wala si shabaha ya makala haya. Ama kusoma, Mama Kanisa hakukukataza kamwe. Mungu ndiye aliyempa mwanadamu akili, na Mungu huyo huyo ndiye aliyeweka mpango katika viumbe. Basi akili inapoukuta mpango huo haimwibii Mwenyezi kitu. Mtakatifu Alberto Mkuu, mwalimu wa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alichunguza mimea na wanyama kwa bidii, na mwaka 1941 Papa Pio XII alimtangaza kuwa msimamizi wa wote wanaojifunza elimu ya maumbile. Tena aliyegundua kanuni za urithi, ambazo elimu hii yote imesimama juu yake, alikuwa mtawa na padre, Gregor Mendel wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno na kuyachapisha aliyoyaona mwaka 1866. Dunia haikumsikiliza mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa miaka 16 kabla yake. Basi asiwepo mzazi Mkatoliki wa kumwambia mwanawe kwamba maabara ni mahali pa kupotezea imani.

Wengine hutoa pingamizi la namna nyingine: Watu wana njaa, zahanati hazina dawa, nanyi mwahesabu herufi za panzi? Pingamizi hili lastahili heshima, kwa kuwa latoka katika mapendo ya maskini. Lakini na tuiangalie kahawa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliipanda kahawa ya arabika huko Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo imesomesha watoto na kujenga makanisa. Genomu yake imeonyesha kwamba arabika ni mtoto wa aina mbili za mwituni: robusta, na nyingine iitwayo eugenioides, ambayo ni mmea wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Imeonyesha pia kwamba arabika ya mashambani ni maskini wa vinasaba. Mimea yake yafanana mno, na kwa hiyo ugonjwa unaoweza kuua mmoja waweza kuua wote. Wakulima wa Kagera hawahitaji kuelezwa jambo hilo, kwani katika miaka ya 1990 waliiona robusta yao ikinyauka kwa ugonjwa wa mnyauko ulioenea Kongo na Uganda. Siku ugonjwa mpya utakapokuja, dawa yake huenda imo ndani ya mti wa mwituni ambao hakuna anayeujali. Anayeukata mti huo hajui amekata nini. Na anayeusoma, walau ajua kwamba usikatwe. Kwa hiyo si kweli kwamba elimu hii ni anasa ya matajiri. Maskini, ambaye hana akiba nyingine ila ardhi na mbegu, ndiye aliye na haja nayo zaidi.

Sasa twafika kwenye kiini cha swali. Tukiisha kukubali kwamba kusoma ni kwema, je, aliyesoma amekuwa mwenye mali? Haya si maneno ya darasani tu. Nchini Kenya liko Ziwa Bogoria, lenye chemchemi za maji ya moto, ambamo huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyostahimili joto na magadi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 vijidudu vya ziwa hilo vilichukuliwa kwenda ng'ambo, na baadaye vimeng'enya vilivyotokana navyo vikauzwa kwa kazi ya sabuni za kufulia na kulainisha nguo za jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya lilijitokeza hadharani kudai fungu lake. Watu wanaochunga mbuzi kando ya ziwa hilo walikuwa hawajaambiwa neno.

Aidha liko ua dogo la waridi, ambalo asili yake ni Madagaska, nalo lapandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu. Katika majani yake wataalamu walipata dawa mbili za saratani, na mojawapo imeokoa watoto wengi wenye saratani ya damu. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba kazi hiyo ilikuwa mbaya? Uponyaji wa mtoto ni jambo takatifu. Lakini faida kubwa ya fedha haikurudi katika kisiwa kile maskini ulikotoka mmea. Mifano hii miwili yatufundisha tusihukumu kwa haraka: elimu yaweza kuwa njema, matunda yake yakawa mema, na hata hivyo haki ikawa imevunjwa katikati.

Basi haki yasema nini? Yasema mambo matatu. La kwanza, mfanyakazi astahili ujira wake. Aliyetumia miaka na mali kuisoma genomu, au kutafuta dawa ndani yake, ana haki ya malipo ya jasho lake. Kumnyima ni kumdhulumu. La pili, kiumbe chenyewe hakikutoka katika jasho lake. Hakukibuni wala hakukipanda, alikikuta. Na mtu hawezi kuwa mwenye kitu kwa sababu tu amekuwa wa kwanza kukisoma, kama vile anayeisoma barua ya jirani hawi mwandishi wa barua hiyo. La tatu, kati ya Muumba aliyekifanya na msomi aliyekisoma wapo watu waliokitunza. Msitu ulioachwa na wazee bila kufyekwa, mbegu iliyohifadhiwa na bibi juu ya moto wa jikoni mwaka hata mwaka, jina la mti na kazi ya mizizi yake vilivyofundishwa kwa mtoto: hiyo nayo ni kazi, ingawa haikuandikwa katika jarida lolote. Anayewapita watu hao kana kwamba msitu haukuwa na mlinzi, huyo amekosa haki, hata kama sheria ya nchi yake haimkamati.

Mataifa yalijaribu kuliweka neno hili katika sheria. Mkataba wa mwaka 1992 juu ya viumbe anuwai ulikiri mamlaka ya kila nchi juu ya maliasili zake, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ikaweka taratibu za kuomba ruhusa na kugawana faida. Lakini werevu wa watu ulikuwa umekwisha kupita sheria. Zamani aliyetaka mali ya mmea alilazimika kubeba jani au mbegu, na forodha ingeweza kumsimamisha. Leo genomu ikiisha kusomwa, herufi zake hupita kwa intaneti kwenda popote, wala hakuna jani linalovuka mpaka. Kwa ajili hiyo mataifa yaliyokutana Cali, nchini Kolombia, mwaka 2024, yaliamua kwamba makampuni makubwa yanayofaidika na maandishi hayo yachangie mfuko maalumu, na kwamba walau nusu ya fedha iwafikie wenyeji na jamii za mahali. Mfuko huo ukazinduliwa Roma mwezi wa Februari 2025. Ni hatua njema. Lakini uchangiaji wenyewe umeachiwa hiari ya makampuni, na twajua sote jinsi sadaka ya hiari inavyokuwa nyepesi pale ambapo deni la haki lilikuwa zito.

Hapa msomaji wetu aweza kufurahi, akisema: Vema, mgeni ameambiwa ukweli! Na asifurahi upesi. Hoja ile ile inayomshika mgeni yatushika na sisi. Tumesema kwamba mgeni si mwenye kiumbe kwa kuwa hakukiumba. Je, sisi tulikiumba? Twiga hakuanza kuishi siku tulipomweka katika alama za taifa. Msitu wa Usambara na wa Udzungwa ulikuwapo kabla ya babu wa babu zetu. Kama kukisoma hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali, vivyo hivyo kuzaliwa karibu nacho hakumpi mtu ruhusa ya kukiangamiza. Mbele ya wageni sisi ni walinzi halali, nao wana wajibu wa kutuheshimu. Mbele ya Mungu sisi ni mawakili tu, na wakili huulizwa hesabu. Ni aibu kulia kwamba mali yetu imeibwa kwa kompyuta, hali sisi wenyewe twaichoma kwa kiberiti. Anayechoma msitu ili apate magunia machache ya mkaa ameharibu katika alasiri moja maandishi ambayo hakuna mwizi angeweza kuyachukua yote.

Liko kosa jingine, nalo ni la hila zaidi, kwa kuwa limevaa nguo ya elimu. Ni kudhani kwamba kiumbe kikiisha kuandikwa kimekwisha kuokolewa. Hapa habari ya chura wa Kihansi yatufaa. Chura huyo mdogo wa rangi ya manjano, asiyetaga mayai bali huzaa watoto, alitambuliwa na wataalamu mwaka 1996 katika korongo la Kihansi, milima ya Udzungwa, wala hajapatikana mahali pengine popote duniani. Aliishi katika eneo dogo lililoloweshwa na mvuke wa maporomoko ya maji. Mwaka 2000 bwawa la umeme lilianza kazi, maji mengi yakageuzwa, na mvuke ukapungua sana. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani wakatunzwe huko. Kule korongoni mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, lakini ugonjwa wa ukungu wa ngozi nao ukatokea, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam, na baadaye wakaanza kurudishwa korongoni.

Wako waliocheka: Chura mmoja na umeme wa taifa, wapi na wapi? Sisi hatucheki, wala hatusemi kwamba umeme haukuwa na haki yake. Mama anayejifungua usiku katika zahanati ni wa thamani kuliko vyura wote, na Bwana wetu alifundisha wazi kwamba mtu apita shomoro wengi. Lakini katika neno lile lile alifundisha pia kwamba shomoro mmoja hasahauliwi na Baba. Kwa hiyo lililotupasa halikuwa kuchagua kimoja na kukidharau kingine, bali kufikiri mapema, kabla ya saruji kumwagwa, namna vyote viwili viweze kukaa. Na fundisho kubwa ni hili: kilichomwezesha chura yule kurudi ni vyura hai waliolishwa kila siku na watu wenye subira, na korongo lililobaki na maji. Kama tungalikuwa na herufi zake zote katika kompyuta, bila chura wala mvuke, tungalikuwa na nini? Tungalikuwa na cheti cha kifo kilichoandikwa vizuri.

Katika Ziwa Viktoria yuko samaki mdogo wa jamii ya furu, ambaye wataalamu walimpa jina la Mwalimu Nyerere. Na jina la ukoo wake wameliazima kwa Kiswahili, Pundamilia, kwa sababu ya milia yake. Genomu yake ilichapishwa mwaka 2014. Huyo alipata jina na kusomwa. Lakini wenzake wengi wa ziwa hilo walipotea baada ya sangara kupandwa humo katikati ya karne ya 20, wengine kabla hawajapewa jina na mtu yeyote. Kitabu cha Mwanzo chatuambia kwamba Mungu alimletea Adamu wanyama ili aone atawaitaje. Kazi hiyo ya kuita majina haijakwisha, nasi tunaiacha ipotee mikononi mwetu.

Mtakatifu Tomaso alifundisha kwamba Mungu aliumba vitu vingi vya namna mbalimbali kwa sababu wema wake hauwezi kuonyeshwa na kiumbe kimoja. Kinachopungua katika hiki hujazwa na kile. Na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba viumbe si ghala la faida zetu tu, bali vina thamani kwavyo vyenyewe. Kwa mafundisho hayo, aina moja ikitoweka kwa uzembe wetu, sifa moja ya Muumba imenyamazishwa, na hakuna herufi za kompyuta zitakazoiimba mahali pake.

Basi yatupasa nini? Wazazi, wafundisheni watoto majina ya miti na ndege kwa lugha ya nyumbani, na wazee wanaojua wayaandike kabla hawajaondoka. Taifa lisiloyajua majina ya viumbe vyake halitajua lini vimepotea. Walimu na viongozi wa parokia, watieni moyo vijana, wasichana na wavulana, waingie katika elimu hii, ili maandishi ya viumbe vyetu yasomwe na macho yetu pia, wala tusingoje kusomewa na wengine. Wakulima, acheni walau sehemu ya msitu na ukingo wa mto, wala msitupe mbegu za zamani kwa sababu mmeletewa mpya. Nanyi Wakatoliki mlio katika ofisi za serikali na vyuo, mnaposaini mapatano na wageni, kumbukeni yule mchungaji wa mbuzi wa kando ya ziwa, aulizwe kwanza, na fungu lake limfikie yeye, lisiishie mezani kwenu.

Twiga wa Tarangire hajui kwamba herufi zake zimesomwa. Atakula majani ya mgunga kesho kama alivyokula jana, ikiwa tu mgunga utakuwapo. Hilo halimo katika genomu yake. Limo katika dhamiri zetu, na kwa ajili yake tutaulizwa.